Birika linalotekenya mkono

Katika mambo ya stima jikoni liko swali moja ambalo watu huliuliza kana kwamba ni mzaha: mbona birika langu hunitekenya nikilishika? Kisha hutaja dawa waliyopewa na jirani, yaani kuvaa ndara za mpira kabla ya kuwasha swichi. Hiyo si dawa hata kidogo. Ndara humkinga aliyezivaa, tena si kila wakati. Mtoto anayeingia jikoni miguu mitupu hazimfai, wala yule anayeshika birika kwa mkono mmoja na mfereji wa maji kwa mkono wa pili.

Birika la chuma likitekenya, aghalabu mambo mawili yameharibika kwa pamoja. Kwanza, stima inavuja na kuufikia mwili wa birika. Pili, waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, umekatika au haukufungwa. Ungalikuwa mzima, stima hiyo ingalipitia huko hadi udongoni, na kama ni nyingi, fyuzi ingaliungua kabla hujahisi lolote.

Basi chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Ifungue kwa bisibisi utazame ndani. Waya wa kahawia uwe upande wa fyuzi, wa buluu upande wa pili, na wa kijani na manjano kwenye ule mguu mrefu wa juu. Katika vyombo vya zamani utaona nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpangilio huo huo. Skrubu zilizolegea huleta joto, na plagi iliyogeuka rangi au kuyeyuka pembeni ni ya kutupwa, si ya kufungwa kwa selotepu.

Hapa niseme jambo linalonikera. Ziko nyumba nyingi mjini ambamo plagi ya miguu miwili hulazimishwa katika soketi ya matundu matatu kwa kuchomeka kalamu katika tundu la juu. Ule mguu wa juu ulifanywa mrefu makusudi ili uingie kwanza, ufungue vifuniko vidogo vya matundu mengine, na chombo kipate ardhi kabla ya kupata stima. Redio ndogo ya plastiki yamkini haina haja na ardhi. Birika la chuma linayo.

Sasa fyuzi. Gawanya wati zilizoandikwa chini ya chombo kwa 240, nguvu ya stima ya majumbani kwetu, utapata ampea. Birika la wati 2000 linakula zaidi kidogo ya ampea 8, kwa hiyo litumie fyuzi ya 13. Blenda ya wati 400 haifiki ampea 2. Fyuzi ya 3 yatosha. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, imekwisha kukueleza kwamba nyaya zimegusana mahali fulani. Anayeizungushia karatasi ya sigara ili chai ichemke amemnyamazisha shahidi.

Mwanafunzi mwenye mita ya kupimia stima anaweza kuendelea, plagi ikiwa bado nje ya ukuta. Weka birika kwenye kitako chake, bonyeza swichi yake, upime kati ya miguu miwili ya chini ya plagi. Birika la wati 2000 huonyesha karibu ohmu 29. Mita isipoonyesha kitu, njia imekatika: huenda ni fyuzi, waya, swichi au koili yenyewe. Kisha pima kutoka mguu wa juu hadi chuma cha birika. Hapo jibu liwe karibu na sufuri. Mwisho, kati ya mguu wa juu na kila mmoja wa ile ya chini, mita isisome lolote. Ikisoma, stima inavuja, na birika hilo usilitumie tena. Jihadhari tu: mita ndogo haioni uvujaji mdogo, kwa hiyo birika linalotekenya usiliamini hata kama mita imelisifu.

Ikiwa swichi kuu ndiyo hujikata bila kujulikana mkosaji, chomoa vyombo vyote, irudishe, kisha uchomeke kimoja kimoja. Kitakachoikata ndicho chenye kesi. Friji yenye taa inayowaka lakini haigandishi usiisumbue kwa fyuzi. Stima inaifikia, na kasoro iko ndani. Maikrowevu usiifungue kamwe, kwa maana ndani yake huweza kubaki stima ya kuua hata baada ya kuchomolewa.

Lakini je, iwapo friji na jiko navyo vinatekenya? Basi usinunue birika jingine. Huenda soketi za nyumba nzima hazina ardhi, na hilo ni jukumu la mwenye nyumba wala si la mpangaji. Mwambie alete fundi mwenye leseni ya EPRA, nawe simama hapo ukimwona akipima ardhi katika kila soketi ya jikoni kabla hajalipwa.