Aliyefunga Mlango Ndiye Alipe

Kwenye geti la gereza la mahabusu la Keko, wilayani Temeke, hutakuta bango la bei ya kumwona daktari. Hatuna ubavu wa kuandika jambo kama hilo hadharani. Sisi bili tunaipeleka kimyakimya, kwa mama. Kijana akiugua ndani na zahanati ya gereza haina dawa, ujumbe unatoka nje: tafuteni dawa, au tafuteni hela ya dawa. Mama anapanda daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu, mkononi karatasi yenye jina la dawa asiloweza kulitamka, anakwenda kuuliza bei kwenye duka la dawa.

Huu si umbea wa vijiweni. Miaka nenda miaka rudi, ripoti ya haki za binadamu ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeandika kuhusu Tanzania kwamba zahanati za magereza hutoa tiba finyu, na kwamba kwa kawaida ndugu na marafiki ndio hutafuta dawa au fedha za kuzinunua. Najua utakachosema: Wamarekani wajitazame wao kwanza. Sawa kabisa. Majimbo mengi kwao humtoza mfungwa dola 2 hadi 5 kila anapoomba kumwona daktari. Texas haiwalipi wafungwa wake hata senti kwa kazi wanayofanya, lakini tangu 2019 inawatoza dola 13.55. California iliona aibu, ikafuta ada yake mwaka huohuo. Ila hebu tupime vizuri. Ada yao ina kiwango, imeandikwa, na mbunge akitaka anaweza kuipinga hadi ifutwe. Yetu haina kiwango, haina risiti, haina sheria iliyoipitisha, na kwa sababu hiyo haina wa kuifuta. Wao wanamtoza mfungwa. Sisi tunamtoza mama yake.

Kanuni iko wazi. Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela, na Kanuni ya 24 inasema afya ya mfungwa ni jukumu la serikali, atibiwe kwa kiwango kilekile cha uraiani, bila malipo, bila kujali hadhi yake kisheria. Jina la Mandela halikuwekwa kwa mapambo. Mwaka 1988, akiwa gereza la Pollsmoor, aliugua kifua kikuu, na makaburu wakampeleka hospitali ya Tygerberg. Makaburu, jamani! Aliyemfunga mbuzi kambani ndiye humpelekea majani; hili halihitaji chuo kikuu.

Na tukumbuke wengi tunaowazungumzia hawajahukumiwa. Keko na Segerea hukaa watu ambao Katiba, ibara ya 13(6)(b), inasema wasitendewe kama wakosaji hadi itakapothibitika. Wanangoja. Karandinga inawapeleka mahakamani, wanasikia "upelelezi haujakamilika", karandinga inawarudisha. Julai 2019 mwandishi wa habari Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Mbweni, wilayani Kinondoni, akashtakiwa kwa utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana. Mawakili wake walisimama Kisutu wakaieleza mahakama kwamba anapumua kwa shida na mguu unamsumbua, wakaomba apelekwe kupimwa. Harbinder Sethi wa kesi ya Escrow, aliyekamatwa Juni 2017, suala la puto la kitabibu lililokuwa tumboni mwake lilijadiliwa mahakamani tarehe baada ya tarehe. Hao ni watu wenye mawakili, na waandishi walijaa mahakamani. Sasa mfikirie dereva wa bodaboda wa Buza aliyekosa mdhamini. Maumivu yake atayasema nani, na kwa hakimu yupi?

Hoja ninayoisikia sana kwenye kahawa ni hii: mimi raia mwema nikienda hospitali ya Mwananyamala nalipia kadi, nalipia kipimo, nalipia dawa, iweje kibaka atibiwe bure? Siidharau. Tangu uchangiaji uingie hospitali za serikali mwaka 1993, dirisha la malipo limewatisha watu kuliko sindano. Lakini raia mwema akikwama ana njia. Atakopa kwenye kikoba, atauza simu, atampigia shemeji, atahamia zahanati ya bei nafuu, na mambo yakigoma kabisa atachemsha mwarobaini huku akimwomba Mungu. Aliye selo njia zote hizo serikali imemfungia, makusudi, kwa kufuli. Huwezi kumnyang'anya mtu miguu kisha ukamdai nauli. Mwenye hasira na bei ya hospitali hasira yake ni halali, aipeleke Dodoma. Asimmwagie mahabusu.

Wapo pia wa "wajitegemee". Julai 2018 Rais Magufuli, akimwapisha mkuu mpya wa Magereza, alisema ni aibu taifa kuwalisha wafungwa, wafanye kazi wajilishe. Haya, wanafanya kazi. Ukonga wanachonga samani. Karanga, Moshi, wanashona viatu. Wanalima. Hilo jasho lote linashindwa kununua vidonge?

Kama huruma haikugusi, basi ogopa. Magereza yetu yana nafasi ya watu takriban 30,000, na mara nyingi yamelaza zaidi ya hapo. Serikali inatoa dawa za kifua kikuu bure kwa kila mtu nchini kwa sababu inajua ugonjwa huo hauna adabu ya kubaki chumba kimoja. Lakini ili upewe hizo dawa za bure lazima kwanza useme unaumwa. Anayejua kwamba kuumwa kwake ni deni jipya nyumbani hukohoa chini ya blanketi. Jirani yake wa mkekani anavuta hewa ileile. Askari magereza anaivuta pia, jioni anapanda daladala la Tandika, anakaa karibu yako.

Basi fedha za tiba yao zinapotelea wapi? Magereza yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hospitali za rufaa za mikoa, za Temeke na Mwananyamala, ziko chini ya Wizara ya Afya. Mgonjwa wa pingu akivuka kutoka wizara moja kwenda nyingine, kila upande unamwangalia mwenzake, kisha wote wanamwangalia mama.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, likapigiwa makofi. Kama ni ya wote kweli, mbunge yeyote wa Dar es Salaam, wa chama chochote, asimame kwenye kikao cha bajeti aulize haya: mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi kwa dawa za mahabusu na wafungwa, ngapi kati ya hizo zimefika Bohari ya Dawa, na mahabusu akilazwa Temeke wiki mbili, bili inaandikwa kwa jina la nani? Jibu litolewe kwa shilingi. "Mchakato unaendelea" tumeshalisikia la kutosha.