TUJUE MASHINE: Mshale mmoja hautoshi



Wale waliofanya kazi Panda ao Shituru wanajua: mashine haina kinywa, inasema kwa mishale ya vipimo vyake. Moteri ya ndege ya jeti nayo ni vilevile.

Tuchukue Boeing 737-200, ndege ambayo Air Zaïre ilikuwa nayo zamani. Kila moteri ina vipimo vitano vikubwa mbele ya piloti. Cha kwanza ni cha nguvu: kinalinganisha mgandamizo wa hewa inayotoka nyuma na ile inayoingia mbele. Viwili vinaonyesha mwendo wa mihimili miwili inayozunguka ndani. Cha nne kinapima moto wa hewa inayotoka. Cha tano kinapima mafuta yanayoingia.

Piloti akisukuma mkono wa nguvu, mafuta yanaongezeka, moto unapanda, mihimili inakimbia, nguvu inapanda. Vyote vitano vinapanda pamoja. Basi kila kimoja ni shahidi wa kingine.

Moto ukipanda sana huku mwendo unashuka, moteri ni mgonjwa. Lakini kipimo kimoja tu kikiachana na vingine vinne? Hapo tuanze kushuku kipimo chenyewe.

Tarehe 13 Januari 1982, kule Washington, Marekani, ndege ya namna hiyo ya Air Florida iliondoka wakati wa theluji. Kifaa cha kupasha moteri moto hakikuwashwa. Barafu ikaziba tundu dogo la mbele linalopima hewa inayoingia. Kipimo cha nguvu kikaonyesha 2.04, kumbe nguvu ya kweli ilikuwa karibu 1.70. Vipimo vingine vilikuwa chini, vikisema kweli. Piloti msaidizi alisema mara kadhaa, ndege ikiwa bado inakimbia chini, kwamba mambo si sawa. Kapiteni akaendelea. Mabawa nayo yalikuwa na barafu. Ndege ikagonga daraja, ikaanguka katika mto Potomac. Watu 78 walikufa. 4 kati yao walikuwa katika motokari zao, pale darajani.

Kijana, ukiwa mdogo kazini na unaona vipimo havipatani, sema, tena sema kwa nguvu. Nawe baba mkubwa wa kazi, mdogo akisema, simama kwanza, uangalie mishale mingine.

Swali la kuongea nyumbani: mafuta, mwendo na nguvu viko sawa, lakini kipimo cha moto kinaonyesha sifuri. Mgonjwa ni moteri ao ni kipimo?