Kuku wa gredi: uzito umepanda, je kinga?

Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kililea pamoja mbegu tatu za kuku kwa chakula kimoja. Siku ya 56, mbegu ya 1957 ilikuwa na gramu 905. Ya 2005 gramu 4,202. Basi siri si homoni kama isemwavyo mitaani, ni uteuzi wa mbegu kizazi baada ya kizazi.

Lakini nyama imeutangulia moyo na mapafu, ndipo kuku hujaa maji tumboni akafa. Kuchagua kasi peke yake huweza pia kudhoofisha kinga.

Mfugaji wa Kisauni au Kilifi asihesabu kilo tu: chanjo za kideri na gumboro, na banda lenye hewa, ni sehemu ya gharama. Wa kienyeji naye achanjwe. Kideri humfyeka vilevile.