Ufunguo wa Aliyehama

Mpangaji anapohama hapa kwetu Magomeni, hurejesha ufunguo mmoja; nakala alizochongesha hazijulikani ziliko. Suratun-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu pasi na idhini. Basi tuilinde sitara hiyo hata kwa bisibisi. Tukishapata ruhusa ya mwenye nyumba, kitasa cha silinda hakihitaji kung'olewa chote. Mlango ukiwa wazi, tufungue skrubu ndefu iliyo ubavuni mwake, usawa wa tundu la ufunguo. Tutie ufunguo, tuuzungushe kidogo, tuvute silinda. Tununue nyingine ya urefu uleule, tuirudishe, tujaribu funguo zote kabla ya kufunga mlango. Silinda ya zamani tuihifadhi: ni amana ya mwenye nyumba.