Paje Inajengwa, Ripoti Iko Wapi?

Vijana wenzetu, aliyeondoka Paje miaka kumi nyuma akirudi leo atauliza njia. Palipokuwa na minazi na vichaka sasa ni kuta. Na siku hizi siyo hoteli tu, ni fleti za ghorofa zinazouzwa mtandaoni hata msingi haujachimbwa. Jambiani inafuata. Nungwi na Kendwa zilishatangulia zamani.

Tuseme mapema, maana wenzetu wa upande wa pili wanapenda kutusingizia: hatupingi hoteli. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na wengi wetu tunaosoma hapa tunakula kupitia wageni hao. Tunachopinga ni kujengewa mlangoni bila kuulizwa.

Angalieni maji. Ukanda wa mashariki ni nchi ya mawe. Udongo mwembamba, mvua inapenya kwenye matundu ya jiwe na kukaa chini, juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ukichimba karo bovu, uchafu unashuka humo humo tunamochota. Hoteli ikikosa maji inaita boza. Bibi yako kule Jambiani ataita nani?

Halafu pwani. Masharti yetu yanataka jengo la kudumu likae angalau mita 30 kutoka maji yanapofikia yakijaa. Bara, Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60, kwa hiyo sisi wa kisiwani tumejipimia nusu, na hiyo nusu yenyewe mtu akienda na futikamba siku ya bamvua atarudi anacheka kwa uchungu. Ukuta ukijengwa mdomoni mwa bahari, wimbi linarudi na mchanga, na anayekuja kuliwa ufukwe ni jirani. Kina mama wa mwani nao wanahitaji pa kupita na pa kuanikia. Wavuvi wanahitaji diko. Njia ya miguu iliyokuwapo tangu enzi za mababu inageuka uchochoro kati ya kuta mbili, kesho inawekwa geti.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na msiambiwe haimo. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na Serikali ndiyo inayoikodisha. Sheria ya Mazingira ya 2015 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Lakini ni kijana gani wa Paje aliyewahi kuishika ripoti hiyo mkononi, kwa Kiswahili? Mtu wa Serikali aliye karibu na wewe ni sheha, na sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, hukumpigia kura. Ukimuuliza, naye jamani atakuambia karatasi zimetoka juu.

Dai letu ni dogo. Kabla ya kibali, ripoti ya mradi ibandikwe ofisi ya shehia kwa Kiswahili, ieleze maji yatatoka wapi, maji machafu yatakwenda wapi, na njia ya pwani itapita wapi. Mkataba wa kukodisha ardhi nao uwekwe wazi. Mwekezaji mwenye nia njema hapotezi kitu hapo.

Shehia yako ikiitisha kikao, nenda. Beba na futikamba.