Mama akirukaruka miguu baada ya kupasuliwa, si uchawi: hospitali ziseme ukweli

Likasi, Haut-Katanga – Mama anayezaa kwa kupasuliwa anachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kuanzia tumboni hadi miguuni hasikii maumivu, lakini yuko macho. Wengi wanatetemeka kwa baridi baadaye; hiyo ni kawaida. Mara chache sana, miguu inaanza kurukaruka yenyewe, dakika au saa kadhaa baada ya sindano, na mama anaona yote akili ikiwa timamu.

Hapo maneno yanaanza nje ya mlango: amelogwa, ni pepo, atolewe apelekwe kwenye maombi. Familia ya wahami, isiyo na ndugu mjini wa kuuliza, itaamini nini kingine? Lawama ya kwanza si yao. Ni ya kila hospitali inayonyamaza.

Madaktari wanalijua jambo hili. Dawa ya ganzi inaweza kusumbua neva za uti wa mgongo, na misuli ikashtuka. Mara nyingi diazepamu au midazolamu inatuliza, na yote yanaisha bila kuacha kilema.

Lakini "itapita" si jibu kabla mama hajapimwa. Degedege pamoja na presha ya juu inaweza kuwa kifafa cha uzazi, ambacho kinaua hata baada ya mtoto kuzaliwa, na kinataka sindano ya magnezi haraka. Ndiyo maana kumtoa mama hospitalini saa hiyo ni kumhatarisha. Anayetaka kuomba aombe kando ya kitanda.

Kuna pia kosa la kibinadamu. Asidi traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, inapaswa kuingia kwenye mshipa. Vichupa vyake vinaweza kufanana na vya ganzi. Ikichomwa mgongoni inaleta degedege kali, na wengi wamekufa katika nchi mbalimbali. Mwaka 2022 OMS ilionya dawa hizo mbili ziwekwe mbalimbali. Kutenganisha vichupa na kusoma jina kabla ya kuchoma hakungoji pesa za Kinshasa.

Wengine watasema kueleza hayo kunawatisha akina mama. Hapana! Kinachotisha ni kimya. Mama aelezwe kabla ya sindano, kwa Kiswahili anachokisikia. Na miguu ikirukaruka, familia iambiwe sababu siku ileile. Kama ni kosa, iambiwe pia.