Usingoje Shaka Iishe

Mama mpendwa, umewahi kuomba huku moyo ukikuambia hutajibiwa? Mimi nimewahi.

Usiku mmoja huku Chome mwanangu alishikwa na homa kali. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kushuka Same. Nilipiga magoti. Mdomo ulisema, “Bwana, mponye,” kumbe moyo ulikuwa ukihesabu watakaokuja msibani. Kulipokucha tulimbeba hadi zahanati, akapona. Nilishukuru kwa aibu.

Kisha nikasoma Matendo 12. Waamini walikuwa nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, wakimwombea Petro aliyefungwa gerezani. Petro alipobisha hodi, binti Roda akawapasha habari, nao wakamwona ana wazimu! Waliomba, wasiamini, hata hivyo Mungu alikuwa amekwisha kumfungua.

Jirani yangu naye aliomba, akazika. Sijui kwa nini. Lakini kila Ijumaa tunaomba pamoja, naye humwambia Mungu uchungu wake waziwazi, kama yule baba wa Marko 9 aliyekiri shaka yake mbele ya Yesu, wala hakufukuzwa.

Mama, usingoje shaka iishe ndipo uombe. Piga magoti nayo.